Mgema Asiposifiwa

Mimi nimewahi kuukuta msiba wangu mwenyewe. Chekeni tu, hata mimi nikikumbuka huwa nacheka kabla sijafika katikati. Ilikuwa Kariakoo, Jumatatu asubuhi, kipindi kile shule zinakaribia kufunguliwa na sisi washona sare hatuna hata nafasi ya kujikuna. Nikakunja kona ya mtaa wetu, nikaona watu wamejaa mlangoni kwa bosi wangu, wanawake wamejitanda khanga, wanaume wameshika videvu, na mbele yao, nyuma ya nondo za geti, juu ya stuli iliyofunikwa satini nyeupe, picha yangu.

Lakini nikianzia hapo nitawapoteza. Nianze na bosi mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeiweka.

Alikuwa mama wa Kusini, mtu wa Masasi, Mkristo asiyekosa kanisani. Alikuja mjini na cherehani moja ya kukanyaga, akashonea kwenye baraza za watu, akahangaika mpaka akapata duka chini na chumba cha kushonea juu yake, kwenye jengo moja nyuma ya soko. Chini aliuza sare za shule, juu tulikaa mafundi. Sisi wote tulimwita Mama. Alikuwa mrefu, mkavu, hana mchezo, na miwani yake ameifunga uzi shingoni isipotee. Mimi nimezaliwa Buguruni kwa watu wa Pwani, watu ambao hata maji ya kunywa tunayaomba kwa hadithi. Yeye alitoka kwa watu wanaofanya kazi wakiwa kimya. Fikirieni wenyewe tulivyokuwa tunaonana.

Kazi yangu ilikuwa marinda. Sketi ya shule ya wasichana ni marinda tu, hakuna kingine. Rinda likikunjwa vibaya, mtoto akifua mara ya kwanza sketi inalegea kama pazia la gesti, na mama yake atakuja kukutupia pazia hilo usoni. Yangu yalisimama. Nasema hivi bila haya, nimeshafika umri wa kusema.

Sasa Mama alikuwa na kawaida yake. Kila jioni tulizipanga nguo tulizomaliza kwenye meza ya kukatia, naye anavaa miwani, anachukua moja moja, anaigeuza nje ndani. Alikuwa akisema nguo inasema kweli kwa ndani. Anapitisha kidole gumba kwenye mshono taratibu, kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo. Akikuta kasoro, anainua kichwa na kuuliza, "Nani kashona hii?" Basi hapo hata cherehani zinanyamaza. Mwenye nguo anajitaja, na atakachoambiwa atakwenda nacho mpaka nyumbani. Asipokuta kasoro, hasemi kitu. Anaitupa kwenye fungu na kuchukua nyingine.

Mimi nguo zangu zilitupwa kwenye fungu miaka na miaka. Wala usidhani ni jambo dogo. Unashona sketi mpaka mgongo unalia, unaiona imekaa, unasema moyoni leo atasema, leo hata kama ni jiwe atasema. Anapitisha kidole, anaitupa. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamwambia kwa utani, "Mama, hata neno moja jamani? Hata 'hm'?" Akaniangalia juu ya miwani.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Mama mzima asiyegusa hata bia, ananipigia mfano wa tembo! Lakini methali ile aliiamini kuliko mahubiri. Aliona ukimsifia fundi umemharibu, ataanza kuringa, ataanza kuchelewa, mishono itaanza kwenda upande. Mafundi wakawa wanakuja na kuondoka. Anamfundisha mtu mpaka anaiva, kisha mtu anaaga, au haagi. "Watu wa siku hizi hawana uvumilivu," alikuwa akisema, na kutundika tena karatasi mlangoni ya kutafuta fundi. Tuliobaki kwa muda mrefu tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu aliyekalia overloki, ile mashine ya kuzuia kingo zisifumuke; mwanamke mpole wa Lindi anayelia hata akiona harusi ya watu asiowajua.

Mshahara wa Mama ulikuwa hauchelewi, lazima niseme. Ukiugua alikutuma ukatibiwe. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Lakini mtu unaweza kulipwa vizuri na bado ukawa unaondoka polepole, moyo kwanza, miguu baadaye. Mwaka ule moyo wangu ulikuwa umeshavuka barabara.

Ulivuka kwa sababu ya kijana mmoja aliyefungua karakana upande wa Mnazi Mmoja. Alipata habari zangu kwa wateja, akanitumia salamu, nikapuuza, akatuma tena. Mwisho nikasema ngoja nikamsikilize, kusikiliza si dhambi. Tukapatana tuonane Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi.

Wakati mimi napanga yangu, Mama naye alikuwa anapanga yake. Haya nilikuja kuyajua baadaye, lakini nayaweka hapa ili mwelewe.

Alikuwa ameitwa kwenye semina ya wafanyabiashara, kwenye ukumbi wa hoteli moja kule Posta. Akarudi na kofia, kalamu, na neno jipya: motisha. Kijana wa semina, amevaa suti na viatu vya kung'aa, aliwaambia biashara zinakufa kwa sababu viongozi wake hawawapi watu motisha. Mfanyakazi apongezwe hadharani, wateja wamwone, chagueni mfanyakazi bora wa mwezi na muweke picha yake dukani mahali pa wazi. Mama aliyasikiliza yale kwa makini sana, maana alikuwa amechoka kutundika ile karatasi mlangoni. Akaona kumbe kuna njia ya kumsifia mtu bila kufungua mdomo. Njia hiyo ilimfaa kweli.

Akanichagua mimi, na akataka iwe siri mpaka nije niikute mwenyewe.

Jumamosi jioni tulipoondoka, akatoa kwenye droo picha yangu ya pasipoti, ile niliyopiga kwa ajili ya kitambulisho, nimenuna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Akaipeleka studio ya jirani. "Nikuzie hii," akamwambia kijana wa studio, "uitie kwenye fremu nzuri, ya dhahabu." Kijana akaipokea kwa mikono miwili na kumpa pole. Mama akadhani anapewa pole ya kazi.

Akaitengenezea pahala kwa mapenzi yake yote, na mapenzi yake yalikuwa mengi, ila hayakuwa na mazoezi. Ukuta ulikataa msumari, basi akaleta stuli. Stuli ilikuwa chakavu, akaifunika satini nyeupe iliyobaki kwenye gauni la harusi. Akaona bado pamepooza, akaweka maua ya plastiki huku na huku. Chini ya fremu alikuwa ameandikisha "Mfanyakazi Bora", na maua yakakaa juu ya maandishi hayo hayo. Akavuta geti la nondo, akafunga kufuli, akaenda kwake Kigamboni akiwa na furaha yake.

Jamani. Mtu yeyote wa mji huu, awe Muislamu, awe Mkristo, awe mgeni aliyeshuka basi jana, akipita mbele ya duka lililofungwa, akaona ndani picha ya pasipoti iliyokuzwa, fremu ya dhahabu, kitambaa cheupe na maua, anajua ni nini. Haulizi. Anavua kofia.

Jumapili nzima watu walipita wakachungulia. Jirani yetu wa duka la vifungo, mzee wa Kiislamu mwenye roho safi, alikuja kuchukua kitu dukani kwake, akaniona. Akasoma inna lillahi, akawaambia wenzake. Aliyesikia akamwambia aliyekuwa hajasikia, na Kariakoo haihitaji redio.

Mimi huku sina habari. Jumatatu niliamka nikavaa dera langu zuri, nikaenda Mnazi Mmoja. Simu nikaizima. Uongo wa ana kwa ana naumudu, wa simu siuwezi, sauti yangu inanisaliti. Nikasema Mama asije akapiga "uko wapi" nikababaika.

Yule kijana alikuwa na adabu. Akaniamkia shikamoo mpaka nikajiona mzee. Karakana yake ilikuwa tupu bado, cherehani zimepangwa ukutani ovyo. Nikamngoja aniambie masharti. Badala yake akasimama katikati ya chumba, akajikuna kichwa, akasema, "Mama, samahani, kabla ya yote. Wewe ungeiweka wapi meza ya kukatia?"

Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka akadhani nimekasirika. Halafu nikaanza kusema, na sikunyamaza tena. Nikamwambia meza isikae mbali na dirisha, mkataji anahitaji jua. Nikamwambia pasi isiwe karibu na njia, watoto wa wateja watakuja kuungua. Nikamwonyesha kwa mikono marinda yanavyotaka nafasi ya kulala kabla ya kupigwa pasi. Yeye anaitikia, anauliza tena. Nilitoka pale natembea kama msichana aliyeandikiwa barua. Sikuwa nimempa jibu, ila nilimwambia njoo uchukue jibu langu kesho, inshallah, na sote wawili tulijua ni jibu gani. Nilikuwa naondoka kwa Mama, msimu wa shule ukiwa mlangoni, na nilijua bila mimi sketi zile zisingeisha.

Nikavuka viwanja, nikaingia Kariakoo, nikakunja kona. Ndipo nikawakuta.

Wa kwanza kuniona alikuwa mama anayeuza maandazi pale kona. Hakupiga kelele. Alifunika ndoo yake kwa mfuniko, polepole, akaikumbatia, macho yamemtoka. Mimi nikamsalimu, "Mambo, shoga?" Akanijibu kwa dua.

Nikadhani kuna mtu amefariki kwenye jengo letu. Nikajitanda mtandio vizuri kichwani kama inavyotakiwa, nikajipenyeza kwa nyuma taratibu nijue ni nani. Watu walikuwa wametazama ndani, hakuna aliyegeuka. Nikainuka kwa vidole vya miguu. Nikaiona satini, maua, fremu. Nikajiona mimi, nimenuna.

Jamani! Kuna kitambo kifupi, siwezi kukieleza vizuri, nilipojigusa mkono kuhakikisha. Nilitaka kupiga ukelele. Lakini mbele yangu mama mmoja mteja alikuwa anazungumza, nikasikia analosema, nikabaki nasikiliza.

"Sketi aliyomshonea mwanangu," alikuwa anasema, "kaivaa mpaka ikambana, akaivaa mdogo wake, na sasa anaivaa mtoto wa dada yangu. Rinda limesimama vilevile."

"Na hakuwa na maneno mabaya," mwingine akadakia. "Mchangamfu! Ukipanda pale juu na huzuni zako unashuka unacheka."

Mzee wa vifungo akasema nilikuwa nachagua vifungo kama mtu anayechagua mchumba, na kwamba hajawahi kunikasirikia, alikuwa anafurahi. Mzee huyo! Kila nikienda kwake hunifokea kwamba namchafulia madebe. Mwenzangu wa overloki yeye alikuwa ameketi kwenye ngazi, khanga usoni, mabega yanatikisika.

Halafu Mama akaja.

Alikuwa anatoka kwenye kivuko cha Kigamboni. Mzee wa vifungo alikuwa amempigia asubuhi: pole kwa kuondokewa na fundi wako, sote tuko hapa. Na yeye, mwenye picha, mwenye fremu, mwenye maua, hakuikumbuka picha hata kidogo. Mtu akiambiwa msiba hatafuti chanzo. Alinipigia simu, imezimwa. Akampigia mwenzangu wa overloki, akasikia kilio tu. Basi, akaamini kama wengine walivyoamini. Alikuja anakimbia, mama mtu mzima, viatu mkononi, miwani inamgonga kifuani. Watu wakampisha. Alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa bega na hakuniona.

Akaketi kwenye ngazi pembeni ya mwenzangu. Akauliza, "Amelazwa wapi? Twendeni kwao. Nyumba gani Buguruni?"

Mwenzangu alijua ni Buguruni, basi. Mzee wa vifungo alijua ni Buguruni. Mama akawageukia mmoja mmoja. "Miaka yote hii nakaa naye chumba kimoja," akasema, "sijui hata mlango wa kwao."

Kisha akaanza kulia. Sikuwahi kuona Mama analia na sikudhani anajua. Alilia vibaya, kama mtu anayekohoa.

"Kila siku ya Mungu nilikuwa nazigeuza nguo zake," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Natafuta kosa. Kila siku natafuta. Sijawahi kulikuta. Na sikumwambia kwamba sijawahi kulikuta."

Pale mimi nilitakiwa niwe mtu mzima, nijitokeze kwa adabu, nimtoe hofu. Lakini nilikuwa na machozi mpaka kidevuni na hasira mpaka utosini, yote kwa pamoja, na mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa.

"Si uniambie sasa!"

Weee! Siwezi kuwasimulia sawasawa kilichofuata. Kuna waliokimbia. Kuna aliyeangukia mzigo wa madaftari wa watu. Mwenzangu wa overloki aliniangalia, akasema "ah," akazimia taratibu bila kuumia. Mzee wa vifungo akawa anasoma aya zote anazozijua. Mama peke yake hakusogea. Alisimama, akavaa miwani, akaniangalia kuanzia mtandio mpaka ndala, kwa mpangilio, kama anakagua mshono. Kisha akasema kwa sauti yake ile ile:

"Unajua sasa hivi saa ngapi?"

Nikacheka. Naye akaja akanishika, akanikumbatia mpaka mifupa ikalia, na huku bado ananiuliza kwa nini nimechelewa.

Mambo yalipopoa ndipo swali la picha likaulizwa, na Mama akaieleza semina mbele ya watu wote, motisha, mfanyakazi bora, hadharani. Akafungua geti, akasogeza maua, maandishi yakaonekana. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Mimi sikucheka.

"Mama, umenichuria!" nikamwambia. "Mtu mzima kama wewe! Umeniweka kwenye fremu niko hai!"

Mzee wa vifungo akasema mkosi wa namna ile huondolewa kwa sadaka. Mama, na Ukristo wake, hakubisha. Alinunua ndoo nzima ya maandazi ya yule mama wa kona, akayagawa kwa wapita njia kwa mkono wake mwenyewe, kila mmoja akimwambia, "Mwombeeni fundi wangu maisha marefu." Satini tukaikunja. Fremu akaipeleka sijui wapi.

Tukapanda juu, yeye na mimi. Akafunga mlango. Akakaa upande wake wa meza ya kukatia, mimi upande wangu.

"Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kudanganya, tulikuwa ana kwa ana. Sikudanganya. Nilimwambia Mnazi Mmoja, kwa kijana mwenye karakana mpya.

Akatikisa kichwa polepole. "Anakupa kiasi gani?"

"Hatujafika huko."

"Sasa umemfuata nini?"

"Ameniuliza naonaje," nikasema. "Meza ya kukatia aiweke wapi. Mama, huku nimekaa tangu wanangu wanatambaa, hujawahi kuniuliza naonaje. Hata kitu kidogo. Hata dirisha."

Akachukua chaki, akaichezea, akaiweka. Nilijua anaitafuta ile methali yake, nikamwahi.

"Mgema akisifiwa atatia maji, sawa. Mgema asiposifiwa je? Anahama mnazi."

Nje tulisikia watu bado wanacheka. Mama akaitazama meza ya kukatia, kona hadi kona. Halafu akainua macho, na neno likamtoka kwa shida, kama mtu anayeng'oa msumari ulioota kutu.

"Na hapa... hapa unaonaje?"

Nilimwambia. Lahaula, nilimwambia! Overloki ihamie dirishani, mwenzangu anapofuka pale kwenye giza. Oda zisipokelewe chini bila kutuuliza sisi wa juu kama zinawezekana. Anayejifunza asifokewe mbele ya wateja. Nusu ya hayo alibisha, tena kwa ukali, mpaka tukawa tunapigiana kelele, na mwenzangu aliyekwisha kuzinduka akapanda kutuamua. Lakini jioni ile overloki ilihamia dirishani. Tuliisukuma watatu, Mama ameshika upande mzito.

Kesho yake yule kijana alipokuja kuchukua jibu, nilimpa soda na kumwambia samahani, kwetu wameanza kuniuliza. Alicheka kwa uungwana. Akauliza kama anaweza kuja siku mojamoja kuuliza na yeye. Nikamkubalia, na Mama, aliyekuwa anasikiliza kwenye ngazi, hakupinga.

Msidhani aligeuka malaika. Jioni za kwanza zilikuwa kichekesho. Anageuza shati lililoshonwa na msichana mmoja tuliyempokea mwezi ule, anapitisha kidole, anainua kichwa: "Nani kashona hii?" Cherehani zote kimya. Msichana wa watu anasimama, machozi tayari. Mama anamwangalia, anavua miwani, anaivaa tena.

"Ni nzuri," anasema, na kuitupa kwenye fungu haraka kana kwamba imemchoma.

Basi ikawa hivyo. Swali likabaki lilelile, lakini sasa hujui linakuja na nini, na watu wakawa wanalingoja badala ya kuliogopa. Ukiulizwa "nani kashona hii" unainuka na kidevu juu. Kama ni kasoro unaambiwa kasoro, nayo haikuumi kama zamani, maana umeshajua huyu mtu mazuri pia anayaona. Ile karatasi ya kutafuta fundi sikuiona tena mlangoni kwa muda mrefu.

Jumapili moja baada ya ibada alikuja Buguruni. Hakusema anakuja. Niko uani nafua, nasikia hodi, nageuka, Mama na khanga yake ya kanisani, kilo ya sukari mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa ameuliza njia sokoni na kwa mafundi gereji. Akakaa kwenye kigoda, akaangalia mlango wangu, akaangalia dirisha, akaangalia kamba ya nguo. "Nimeshaujua," akasema. Akanywa chai, akaondoka.

Siku hizi karakana ya Mama naiongoza mimi. Nimeikubali kazi hii nikijua ni ngumu. Kukuta kosa ni rahisi, kosa lenyewe linakuita. Zuri haliiti mtu, lazima ulifuate, na ukilikuta ufungue mdomo, na mdomo mzito. Yule kijana wa semina hakukosea, alisema wapongezeni. Alichosahau kuwaambia ni kwamba isiwe kwa fremu. Iwe kwa mdomo, tena mtu akiwa amesimama mbele yako, jasho linamtoka, na wewe unaona haya.

Na mimi yangu nilimwambia Mama. Alipoanza kuugua sukari akawa haji mjini, nilikuwa navuka kwenda kwake Kigamboni na sketi mkononi. Ananiomba miwani, anaigeuza nje ndani, kidole gumba kimekwisha nguvu lakini bado kinatembea.

"Nani kashona hii?"

"Yule msichana, Mama. Sasa ni fundi."

"Rinda limekaa."

"Umemfundisha wewe," nikamwambia. "Sote umetufundisha wewe. Ulitupa kazi tukala, ulitupa ukali tukaiva, na siku ile uliyoniuliza naonaje ulinipa uzima."

"Acha maneno mengi," akasema, na kugeuza uso ukutani nisimwone.

Alifariki mwaka jana. Kule Kigamboni waliweka turubai uani, na mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, picha yake kwenye fremu ya dhahabu, maua kila upande, kwa haki yake safari hii. Watu wengi walisema mazuri. Mafundi waliowahi kumkimbia walikuja, wakasimama, wakasema walichokuwa hawajasema. Mwisho muongozaji akatangaza, "Tunamwomba fundi wake wa siku nyingi aje aseme neno."

Nikasimama. Nikaitazama ile picha, na yeye amenuna kama mimi.

"Mimi sina jipya," nikasema. "Yote ya kumsifia nilishamwambia mwenyewe, akiwa anasikia. Mengine alinibishia."

Turubai zima likacheka, msibani. Nikarudi kwenye mkeka wangu, nikakaa kando ya mwenzangu wa overloki. Hapo ndipo nilipolia.